Gofu la Mlowezi

Kulowea ni kuhamia nchi ya watu na kukaa humo moja kwa moja. Aliyefanya hivyo huitwa mlowezi, na neno hilo, hata likitamkwa kwa adabu zote, halimpi mtu huyo nafasi ya kudai kwamba alizaliwa na nchi ile. Ndani ya neno mna safari, na ndani yake mna mwenyeji aliyekutwa. Lugha imekwisha kutoa ushahidi kabla ya hakimu kuketi. Lakini kuta hazijui lugha. Ukuta husimama pale ulipojengwa ukasema jambo moja tu: fulani alikuwapo hapa. Waliokuwapo kabla yake hauwataji.

Ndani ya bonde la kreta ya Ngorongoro, upande wa kaskazini karibu na mto Munge, yapo mabaki ya nyumba ya mawe. Ilikuwa ya Adolf Siedentopf, Mjerumani aliyepangishwa ardhi na serikali ya kikoloni ya Kijerumani. Ndugu yake, Friedrich Wilhelm, alikuwa na shamba lake karibu na msitu wa Lerai. Walifuga ng'ombe humo mpaka vilipozuka Vita Vikuu vya Kwanza mwaka 1914. Waliwaalika rafiki zao kuwinda, na walijaribu kuwaswaga nyumbu watoke bondeni ili malisho yabakie ya mifugo yao. Vita vilipokwisha, nchi ikawa chini ya Waingereza, na mashamba yale nayo yakapata wenyewe wapya. Mwaka 1928 uwindaji ulipigwa marufuku katika eneo lote lililozungukwa na kingo za kreta, isipokuwa katika ardhi iliyokuwa ya akina Siedentopf. Mlowezi alikwisha kuondoka, lakini mpaka alioupiga uliendelea kuheshimiwa na sheria.

Nje ya kreta, katika miteremko ya Oldeani juu ya mji wa Karatu, historia hiyo ilijirudia kwa zao la kahawa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, ijapokuwa nchi ilikuwa chini ya Uingereza, walowezi wengi wa huko walikuwa Wajerumani. Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939, walikamatwa na kuwekwa kizuizini, na mashamba yao yakatiwa mikononi mwa msimamizi wa mali za maadui. Moja kati yake, lililoanzishwa mwaka 1929, lilichukuliwa baada ya vita na Mwingereza James Gibb, na mpaka leo linajulikana kwa jina lake. Wageni hulala hapo wakingoja kupambazuke wapande kreta.

Swali basi ni hili: mtu anayesimama mbele ya gofu la mlowezi ana wajibu gani? Je, kulitazama ni kumtukuza aliyelijenga? Na je, kulibomoa kungeirudisha haki, au kungefuta ushahidi tu?

Ni vema kuanza na hatari iliyomo ndani ya gofu lenyewe. Gofu humfundisha mtazamaji kuanza kuhesabu pale ukuta ulipoanza. Lakini Laetoli, ndani ya eneo hilohilo la hifadhi, zipo nyayo zilizogunduliwa mwaka 1978, na umri wake ni miaka ipatayo milioni 3.6. Chini ya kreta yamekutwa makaburi ya kale ya mawe ya wafugaji ambao majina yao hayakumfikia yeyote. Baada yao walikuja Wadatoga, ambao wengi huwaita Wamang'ati, jina walilopewa na maadui zao. Kisha katika karne ya 19 Wamaasai wakawashinda Wadatoga na kulitwaa bonde. Jina la Lerai lenyewe ni la Kimaasai: ndilo jina la ile migunga yenye magome ya manjano. Mtu anayetaka kusema "wa kwanza" mahali kama hapo anahitaji ujasiri mkubwa, au usahaulifu mkubwa.

Kwa nini basi jicho lione nyumba ya Siedentopf, lisione chochote cha hao wengine? Jibu limo katika vifaa vya ujenzi. Nyumba ya Kimaasai hujengwa na wanawake kwa fito, majani na samadi. Ikihamwa, mvua chache zinatosha kuirejesha katika ardhi. Wadatoga humjengea mzee mwenye heshima kichuguu cha udongo na samadi juu ya kaburi lake, kazi ya miezi mingi inayokusanya ukoo mzima. Ikikamilika, huachiwa jua na mvua. Huo si uzembe wa kutojua kujenga. Ni namna ya kukaa katika nchi bila ya kuiachia kovu, na namna ya kukumbuka ambayo makao yake ni ulimi na ukoo, si jiwe.

Sheria ya mkoloni haikuweza kulisoma jambo hilo. Tangazo la Kaisari la tarehe 26 Novemba 1895 lilisema kwamba ardhi ya koloni ni ardhi isiyo na mwenyewe na kwamba ni mali ya serikali, isipokuwa pale ambapo mtu, jumbe au jamii ya wenyeji ingeweza kuthibitisha milki yake. Uthibitisho huo ungekuwa nini kwa mfugaji? Hana hati, hana ua wa mawe, na zizi la mwaka juzi limeota majani. Kile kilichokuwa wema wake kwa nchi kiligeuzwa kuwa upungufu wake mbele ya sheria. Aliyekaa bila ya kujeruhi alihesabiwa kuwa hakukaa.

Hapo ndipo dhuluma inapopita kiasi cha unyang'anyi. Mnyang'anyi wa kawaida hujua kwamba mali ina mwenyewe. Ndiyo maana huja usiku. Lakini aliyeandika kwamba nchi haina mtu alichukua ardhi, kisha akachukua na kule kuwapo kwa waliochukuliwa. Wakibaki bila ardhi, watu wanaweza bado kusimulia. Wakiambiwa kwamba hawakuwapo, hata simulizi yao inageuka kuwa madai yanayohitaji shahidi.

Yupo atakayepinga kwa hoja nzito: Wamaasai nao waliwatoa Wadatoga, na Wairaki, ambao leo ndio wengi mjini Karatu, walipanuka wakalima nyanda zilizokuwa malisho ya Wamaasai. Kila mtu alilowea. Tofauti ni tarehe tu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na asiyeikubali sehemu yake anapamba historia. Wamaasai hawakuingia bondeni kwa hodi. Hata hivyo, mshindi wa vita vile hakukana kwamba alipigana na mtu. Jina lenyewe alilompa Mdatoga lilikuwa la adui, na adui ni mtu aliyekuwapo. Makaburi ya Wadatoga kule Lerai yangali yanajulikana kuwa ni yao. Kushindwa ni msiba. Kufutwa ni msiba mwingine. Hayo mawili hayapimwi kwa pishi moja.

Watu wa pwani wanaosoma habari hizi wasije wakadhani kwamba zinawahusu wa bara peke yao. Unguja yapo magofu ya Maruhubi, jumba la Seyyid Barghash lililoungua mwaka 1899. Nguzo zake zimesimama mpaka leo, na jina la Seyyid husomwa na kila mgeni. Lakini waliovunja mawe ya matumbawe, waliochoma chokaa na kuibeba kwa vichwa, walilala katika vibanda vya fito na makuti, na makuti hayadumu. Wengi wao hawakuja visiwani kwa hiari yao. Basi mtu wa pwani amezoea tangu utotoni kusoma upande mmoja wa ukuta. Ngorongoro inampa fursa ya kujifunza kuusoma na wa pili.

Somo hili lingekuwa la makumbusho tu laiti fikra ya mwaka 1895 ingekufa pamoja na walioiandika. Mwaka 1959 Wamaasai waliondolewa katika hifadhi ya taifa ya Serengeti, na Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo ambamo watu na wanyama wangekaa pamoja. Gavana Richard Turnbull aliliahidi baraza la Wamaasai kwamba maslahi ya wanyama na ya wakaazi yakigongana, ya wakaazi ndiyo yatakayotangulia. Miaka 15 hivi baadaye, nchi ikiwa huru, waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa. Tangu Juni 2022 familia nyingi zimehamishwa kutoka eneo la hifadhi kwenda Msomera, wilayani Handeni. Serikali imesema kwamba wanahama kwa hiari. Wakaazi wengi na watetezi wao wamesema kwamba hiari hiyo ilibanwa kwa kupunguzwa huduma. Bila shaka wingi wa watu na mifugo ni tatizo la kweli, na faru hana bonde jingine la kukimbilia. Lakini mjadala wa haki hauwezi kuanza ikiwa upande mmoja unatakiwa kwanza uthibitishe kwamba ulikuwapo, na shahidi anayekubaliwa ni jiwe peke yake.

Hivyo gofu la Munge lisibomolewe. Kulibomoa kungekuwa kumtendea mlowezi kile alichotendewa mfugaji, na zaidi ya hapo kungeondoa hati pekee iliyoandikwa kwa mkono wa mdaiwa mwenyewe. Ukuta ule unakiri kwamba mtu alitoka mbali, akapewa na serikali kile ambacho serikali haikuwa imepewa na mtu. Libaki basi, lakini lisiachwe lizungumze peke yake. Anayelionyesha alitaje la Siedentopf, kisha ataje Wamaasai waliokuwa wakilisha hapo, Wadatoga waliozika Lerai, na wale wa makaburi ya mawe wasio na jina. Anayelitazama naye auzunguke ukuta, aitazame nyasi iliyo nyuma yake, na ajue kwamba nyasi ile si utupu.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliosema hivyo walimfikiria mgeni anayejua kwamba yeye ni mgeni. Mgeni wa Munge alikuja na karatasi iliyosema kwamba hapakuwa na mwenyeji, kwa hiyo hapakuwa na wa kuponywa. Mtalii wa leo, awe ametoka London au Mkunazini, naye ni mgeni wa siku moja katika bonde lile. Hawezi kumrudishia mtu ardhi, wala hakutumwa kufanya hivyo. Lililo katika uwezo wake ni dogo na halina gharama: kukataa, moyoni na kinywani, kurudia ule uongo wa kwanza kwamba nchi ilikutwa haina mtu.