Wazo la Leo: Furukombe Hangoji

Ziwa Naivasha, saa moja asubuhi. Nahodha anapiga mluzi, anarusha samaki majini, na furukombe anajitupa kutoka juu ya mgunga. Kufumba na kufumbua, kesharudi mtini na samaki wake. Picha yangu ya kwanza ilitoka mkia mtupu, na mkia wenyewe ukungu.

“Mzee, ulikuwa unatazama ndege ama kamera?” nahodha akaniuliza.

Kamera, bila shaka.

Mambo ya mitambo hayana siri: shata 1/2000 ya sekunde au kasi zaidi, jua mgongoni. Linalosahauliwa ni upepo. Ndege hupenda kuruka na kutua akiukabili upepo, kwa hiyo ukiupa mgongo, ana kila sababu ya kukujia uso kwa uso. Na kabla hajaruka hujitangaza: huinama kidogo, huchutama, na mara nyingi huachia kinyesi. Usicheke. Wapiga picha wazoefu hukingoja kinyesi hicho kama mkimbiaji angojavyo mlio wa bastola.

Samaki wa kurushiwa, kusema kweli, simpendi sana. Picha huwa nzuri, lakini ina harufu ya studio. Kibaya zaidi ni kumtimua ndege ili upate picha ya mabawa. Heroe wa Ziwa Bogoria wakishtuliwa hutimka mbio juu ya maji ndipo wapae, na nguvu hizo huzitoa kwenye chakula chao. Ukiwakuta wametulia, kaa chini uwangoje.