Kutazamia Mambo Yajayo



Mwezi wa Januari tuliwasindikiza vijana wa darasa la kipaimara kwenda kuona magofu ya Kaole, mwendo wa kilometa kama tano kusini ya mji wa Bagamoyo. Sisi tumekwisha staafu ualimu, lakini Padri akikosa mtu wa kuwaangalia vijana hutukumbuka, nasi hatuna udhuru. Kaole ipo misikiti miwili ya mawe, na ule wa zamani zaidi ni wa karne ya 13. Yapo makaburi yenye nguzo, na kaburi moja liitwalo la Sharifa, ambako watu huja kuomba na kuacha sadaka. Pembeni upo mbuyu mkubwa, na husimuliwa kwamba mtu akiuzunguka mbuyu huo umri wake huongezeka.

Basi kijana wetu mmoja, aliyekuwa akisubiri matokeo ya Kidato cha Nne, akauzunguka mara tatu. Wenzake wakamcheka. Akasema, "Mimi sitaki miaka, nataka daraja la kwanza tu." Ndipo binti mmoja mwenye maneno machache akatugeukia akauliza, "Mwalimu, hii ni dhambi au ni mchezo?"

Tulimjibu upesi kwamba ni mchezo. Walimu tuna tabia hiyo ya kujibu upesi. Lakini usiku ule usingizi ulikuja kwa shida, kwa sababu tutakayoieleza mbele.

Katika nyumba ya makumbusho pale Kaole vimewekwa vyombo vya Kichina vilivyopatikana magofuni. Kule Kunduchi nako, ukielekea Dar es Salaam, makaburi ya kale yalipambwa kwa sahani za Kichina zilizopachikwa katika chokaa. Vijana walipoviona vyombo hivyo waliuliza kama Wachina nao wana mibuyu ya kuzunguka. Swali la utani, lakini jibu lake tunalo. Mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye biashara ilimfikisha Hong Kong, alikwenda kulitazama hekalu la Wong Tai Sin, ambalo ni la dini ya Kitao na limekuwapo mahali pale tangu mwaka 1921. Alituhadithia jinsi watu wanavyopiga magoti mbele ya madhabahu, kila mmoja ameshika kopo la mwanzi lenye vijiti 100 vyenye namba. Mtu huuliza swali lake moyoni, hulitikisa kopo polepole mpaka kijiti kimoja kichomoke na kuanguka, kisha huichukua namba ile kwa wafasiri waliojipanga vibandani kando ya hekalu. Kila namba ina shairi lake la kale na maana yake. Yeye mwenyewe alijaribu, ati kwa kutaka kujua tu. Aliulizia mzigo wake uliokuwa baharini, akaambiwa angoje. Akangoja, na mzigo ukachelewa vilevile.

Msidhani huo ni upuuzi wa watu wasiosoma. Maandishi ya Kichina ya kale kabisa yanayojulikana, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000, yaliandikwa juu ya magamba ya kobe na mifupa ya ng'ombe, na sehemu kubwa yake ni maswali ya kutazamia: mvua itanyesha? vita tutashinda? mke wa mfalme atajifungua salama? Waliuchoma mfupa kwa moto, wakazisoma nyufa zake, kisha wakaandika swali palepale. Sisi tuliofundisha watoto kuandika kwa miaka mingi tulipoyasoma hayo tulinyamaza kidogo. Kumbe katika taifa lile kubwa daftari la kwanza tulilonalo ni la hofu ya kesho.

Huku kwetu pwani tuna ramli. Watu wengi huitaja bila kuijua, kwa hiyo afadhali tuieleze. Mpiga ramli hutia vidole mchangani, au kalamu katika karatasi, akafanya mstari wa nukta bila kuzihesabu. Hurudia mpaka ipatikane mistari minne. Kisha huziondoa nukta mbili mbili, na mwisho wa kila mstari hubaki moja au mbili. Hilo ni umbo moja. Kwa kuwa mistari ni minne, na kila mmoja una njia mbili, maumbo yote hayazidi 16. Hupiga hivyo mara nne apate maumbo manne yaitwayo akina mama. Katika hayo huzaliwa mabinti wanne, na wengine tena, hadi mashahidi wawili na hakimu mmoja. Elimu hii ilitoka kwa Waarabu, ikaenea mpaka Bukini, na Ulaya, na Afrika Magharibi. Wachina wanacho kitabu chao chenye maumbo 64, kwa sababu wao hutumia mistari sita badala ya minne. Mwalimu wa hesabu ataona mara moja kwamba ni jambo moja.

Tena hakimu wa ramli, hata ukipiga mwaka mzima, nukta zake zote zikijumlishwa hazitakuwa witiri kamwe. Ndiyo kusema maumbo manane kati ya yale 16 hayawezi kuketi katika kiti cha hakimu. Tulijaribu wenyewe kwa penseli, tukaona ni kweli. Haikutoka kwa jini wala malaika, ni hesabu tu. Twasema hivi kwa sababu wako wahubiri wanaopiga kelele kwamba kila kilichomo humo ni shetani. Mchanga hauna shetani.

Sasa twende kwenye swali la binti yule. Yako mambo katika Maandiko yanayoweza kumtatiza Mkristo. Mitume walipotaka mtu wa kuishika nafasi ya Yuda walipiga kura, ikamwangukia Mathiya. Mabaharia walipiga kura, ikamwangukia Yona. Mamajusi walifuata nyota, nasi kila Epifania twawasifu. Lakini Sauli alipokwenda usiku kwa yule mwanamke wa Endori tunahesabu ni kosa kubwa, na katika Kumbukumbu la Torati watu watazamao bao wanakatazwa waziwazi. Je, tofauti ni nini?

Zamani tulikuwa tukifundisha kwamba tofauti ni nia. Mwenye nia njema anaomba shauri kwa Mungu, mwenye nia mbaya anamkimbia. Ni jibu zuri, nasi tuliliamini mpaka mwaka 1987.

Mwaka huo tulikuwa walimu katika shule moja ya pwani hii, ambayo hatutaitaja. Zilipotea fedha za wazazi, shilingi 9,000, zilizochangwa kwa ajili ya kuezeka darasa. Tulitafuta siku tatu. Kila mmoja wetu alianza kumtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, hata chai ya saa nne ikawa hainyweki pamoja. Ndipo mmoja akashauri aitwe mpiga ramli, si kwa ubaya, bali ili amani irudi. Tulichanga shilingi ishirini ishirini. Sisi tulitoa zetu. Tulikuwa wasoma masomo kanisani wakati huo, na tulitoa.

Mzee yule alikuja, mtu mpole, akapiga bao lake sakafuni mwa ofisi. Baada ya muda mrefu akasema: aliyechukua si mzaliwa wa hapa, naye hulala karibu na mlango. Hakusema zaidi. Akakunja vitu vyake akaenda zake. Sote tukanyamaza, na sote, bila kuambiana, tukageuza macho kwenye dirisha, ambako mlinzi wa shule, mtu wa bara, alikuwa akifyeka majani.

Mpiga ramli hakumtaja mtu. Sisi ndio tuliomtaja. Tulikuwa tumekwisha mtuhumu mioyoni tangu siku ya kwanza kwa sababu alikuwa mgeni na maskini, ila tuliona haya kusema. Bao lilituondolea haya hiyo. Mlinzi aliapa, akalia, akafukuzwa bila mshahara wa mwezi ule. Aliondoka na mke na watoto wawili, amebeba godoro kichwani. Miezi mitatu baadaye meza ya karani ilipelekwa kwa seremala, na nyuma ya mtoto wa meza ikaonekana bahasha, imekunjamana, na fedha zote zimo. Ilidondokea huko. Tuliandika barua kijijini kwake, haikujibiwa. Tuliandika moja tu.

Nia yetu ilikuwa njema, ndugu wasomaji. Tulitaka amani.

Kwa hiyo siku hizi tunauliza swali jingine: jibu likiwa si la kweli, nani atalipa? Mitume kabla ya kupiga kura walikwisha chagua watu wawili, na wote wawili walifaa. Kura ile ilimpa mmoja kazi; yule mwingine haikumwondolea heshima wala mkate. Yule mwanafunzi wetu wa Hong Kong alipotikisa kopo, hasara kama ipo ilikuwa yake mwenyewe. Lakini bao linapoulizwa "nani ameniloga, nani ameniibia", anayelipa ni mtu asiyekuwapo chumbani. Ukisoma tena mahali pale katika Torati, utaona kwamba mtazama bao ametajwa katika orodha moja na mtu anayempitisha mwanawe motoni. Tulipokuwa vijana tulidhani orodha hiyo imechanganywa tu. Sasa twaona yumo mtoto ndani yake, naye anaungua.

Serikali nayo imelijua jambo hili. Sheria ya Uchawi ilitungwa Tanganyika mwaka 1928, wakati wa Waingereza, na mwezi wa Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapigao ramli, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. "Ramli chonganishi", ndivyo wanavyoiita, nasi twaona neno hilo limechaguliwa vizuri. Kule Usukumani vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Majirani zetu Waislamu nao, masheikh wao wengi huikemea ramli kwa ukali kuliko mapadri wetu, ingawa watu hupenda kudhani ni mali yao. Kuhusu wanajimu wa magazetini, kama marehemu Sheikh Yahya Hussein aliyefariki mwaka 2011, na ambaye Wakristo wengi walimsoma kwa siri, hatuna mengi ya kusema. Mtu akisoma nyota yake kisha akala ugali wake akaenda kazini, hajamwumiza mtu.

Lakini tusijidanganye kwamba anayejiulizia mwenyewe hadhuriki. Sauli alipewa jibu la kweli kule Endori, na lilimfaa nini? Alianguka chini kifudifudi, hana nguvu, hajala kutwa nzima. Aliyemsaidia ni yule mwanamke mwenyewe, alipomchinjia ndama na kumwokea mkate. Mapadri hawahubiri sana juu ya ndama yule. Na kijana wetu wa mbuyu, kama angeambiwa na mtu anayemwogopa kwamba amefeli, huenda asingerudi hata kuyatazama matokeo. Alipata daraja la tatu. Mbuyu hatuulaumu.

Jumapili iliyofuata, baada ya darasa, tulimwita yule binti tukamwambia kwamba tulimjibu upesi mno. Tukamsimulia habari ya mlinzi, yote, pamoja na zile shilingi ishirini. Ilikuwa mara ya kwanza kumsimulia mtu nje ya nyumba yetu. Hakutuhukumu wala hakutufariji. Aliuliza jina lake nani.

Jina tulilikumbuka. Akafungua daftari anakoandika majina ya kuombewa katika Misa, akashika kalamu, akatuuliza aliandike kwa walio hai au kwa marehemu. Hatukuweza kumjibu.