Mkono na Kamba
Somo: Luka 2:41-52



Wengi wetu tulivuka mpaka wa Mpondwe tukiwa tumewashika watoto mikono. Siku ile kuachia mkono kulikuwa ni kumpoteza mtoto. Leo watoto hao wamekua, wengine wanasoma vyuo huko Kasese na Bwera, na mkono wa mzazi bado unatafuta kushika. Tena hatujasahau usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF walipovamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, pale pale Mpondwe. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Mzazi akiniambia anaogopa, siwezi kumwambia imani yake ni haba.

Mimi pia niliogopa. Binti yetu alipoanza chuo Kasese, nilichukua simu yake amelala, nikaitengeneza inionyeshe kwenye ramani mahali alipo. Sikumwambia. Nikawa naitazama alama ile kabla ya kuomba na baada ya kuomba. Jioni moja ikasimama Bwera, karibu na mpaka. Nikapiga, hapatikani. Mama yake alilia hadi asubuhi. Kumbe simu iliisha chaji, na ramani ilibaki kuonyesha mahali ilipozimikia. Yeye alikuwa matangani, akikesha na mwenzake aliyefiwa na mama.

Alipojua nilichofanya, hakupandisha sauti. Alisema, "Baba, vitani ulinishika mkono. Sasa umenifunga kamba." Akaifunga ramani ile, na moyo wake pia akaufunga. Miezi kadhaa alinijibu salamu tu.

Nilijitetea kwa Zaburi 139: Mungu naye hutuona tukiketi na tukisimama. Lakini isome zaburi hiyo hadi mwisho. Daudi mwenyewe ndiye anayemwomba Mungu amchunguze. Mlango ulifunguliwa kutoka ndani.

Sasa watazameni Yusufu na Mariamu. Walitembea siku nzima wakidhani Yesu yumo msafarani, kisha wakamtafuta hadi siku ya tatu. Mariamu hakuuficha uchungu wake. Alimwuliza mwanawe uso kwa uso, akapokea jibu ambalo hawakulielewa. Na mtoto akashuka nao hadi Nazareti, akawatii. Utii ule ulikuja baada ya maneno ya wazi.

Wapendwa, mtoto mdogo ni jambo lingine. Lakini kijana wa chuo ni mtu mzima. Keti naye, mwambie hofu yako bila kuona haya. Mkubaliane: siku ya safari aifungue ramani, akifika aifunge. Akupe namba za marafiki wawili. Nawe ukisafiri, mwambie uliko. Na kama umekwisha kumwekea mtego kwa siri, utoe leo, ukamwombe msamaha.

Mimi nilipanda basi hadi Kasese kuomba msamaha huo. Ilikuwa vigumu kwa baba, tena mchungaji. Siku hizi akisafiri huifungua mwenyewe, na jioni hutuma maneno mawili: "Baba, nimefika." Hayo hunilaza usingizi kuliko alama yoyote.

Mungu awalinde watoto wetu njiani, nasi atufundishe kuwashika bila kuwafunga. Amina.