Amana ya Mwamba

Wako watu wa pwani wasemao: "Bahari imeingia joto kwa moshi wa nchi za mbali, na matumbawe yanakufa kwa joto hilo. Mvuvi mwenye ngalawa moja hakuuwasha moto huo. Basi akivua kwa juya au kwa baruti, amezidisha nini juu ya kitu kilichokwisha hukumiwa kufa?" Neno hili lina sura ya haki, kwa hiyo yapasa lipimwe kabla ya kushikwa.

Kwanza na ijulikane tumbawe ni nini. Si jiwe wala si mti, bali ni jamii ya wanyama wadogo wajengao nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao hukaa vijimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo kwa nuru ya jua huwafanyia sehemu kubwa ya chakula chao na kuwapa rangi. Maji yakizidi kwa daraja moja tu joto la kawaida la miezi ya jua kali, yakadumu hivyo majuma kadha, ushirika huo huvunjika: vijimea hutoka, na tumbawe hubaki jeupe. Weupe huo si mauti, ni njaa. Joto likiondoka upesi, vijimea hurejea na tumbawe huhuika, likikawia, hufa.

Hayo yalitokea mwaka 1998, ilipopata joto kubwa Bahari ya Hindi ya magharibi. Katika visiwa vya ndani vya Shelisheli yalikufa zaidi ya tisa katika kila kumi ya matumbawe yaliyokuwa hai. Wataalamu waliitazama miamba 21 ya huko kwa miaka mingi, na natija waliyoitangaza mwaka 2015 ni hii: miamba 12 ilihuika, na 9 ilimezwa na mwani, isirudi hali yake. Joto lilikuwa moja na bahari moja. Imekuwaje khatima mbili?

Miamba iliyohuika aghalabu ilikuwa katika maji ya kina zaidi, umbo lake lina matundu na mapango mengi, ina samaki wengi walao mwani, na maji yake hayakushiba uchafu. Kwani mwana wa tumbawe huchukuliwa na mkondo akitafuta mahali pagumu na safi pa kushika. Wakiwapo pono na tafi, humlia mwani na kumfungulia nafasi. Wasipokuwapo, mwani humtangulia.

Kina cha maji hakimo mkononi mwa mtu. Lakini ni nani avunjaye umbo la mwamba kwa baruti, na kulikokota juya juu yake? Ni nani amalizaye pono, hata wachanga, na kumwaga uchafu wa mji baharini? Hapo ndipo hoja ya wale wasemao inapoanguka. Mtu ambaye nyumba yake imechomwa na mwingine hana dhambi ya moto. Lakini akiyang'oa na mawe ya msingi, ni yeye aliyezuia isijengwe tena. Ni kweli mvuvi ana watoto wa kulisha leo. Lakini watoto hao watataka kula kesho pia, na mwamba uliokufa hauna changu.

Wako na wengine wasemao kinyume: "Mwamba hujiponya wenyewe, khofu ya nini?" Hawa nao wamekosea. Hata matumbawe yakuayo upesi huhitaji miaka kumi au zaidi kuurejesha mwamba. Mwaka 2016 joto liliirudia Shelisheli likaua mengi ya yale yaliyohuika, na mwaka 2024 lilienea katika bahari nyingi za dunia. Mgonjwa apigwaye kabla hajainuka, nguvu zake za kupona hazimfai kitu. Kwa hiyo ulinzi wa mvuvi haumfutii mwenye moshi deni lake, kama vile moshi wa huyo usivyomhalalishia mvuvi baruti.

Basi jawabu ni kwamba haya ni mambo mawili, na moja haliondoi la pili. Kila mtu huulizwa amana iliyomo mkononi mwake: mwenye kiwanda moshi wake, na mwenye ngalawa nanga yake, ameitia mchangani au juu ya tumbawe. Wallahu aalam.