Jiwe la Masi

Lilikuwa jiwe bapa, jeusi, la kusagia viungo. Masi, mwenye nyumba tuliyopanga Mumbai wakati Mama akitibiwa, aliniazima kwa sharti moja: nisisagie kitunguu wala kitunguu saumu. Yeye ni Mjaini. Kwao, kung'oa saumu ni kuua mmea mzima pamoja na vijidudu vya udongoni, na tena saumu huamsha hamaki na matamanio. Nikaitikia.

Mama alikuwa siku ya nne hajala. Nikamnunulia vada pav barabarani, mkate mdogo uliotiwa kachori ya viazi, na juu yake hunyunyizwa chatne kavu: saumu, mbata, pilipili nyekundu kavu, chumvi. Mkate aliuacha. Chatne akailamba yote kwenye karatasi, akauliza, "Hakuna nyingine, mwanangu?"

Usiku ule nikasaga. Ningeweza kununua, muuzaji alikuwa pale chini. Lakini nilitaka Mama ale ya mkono wangu. Asubuhi nililisugua jiwe kwa ndimu na chumvi mara tatu, nikalianika juani. Halikunuka kitu. Masi alipolipokea alisema hajawahi kuliona safi namna ile.

Nilimdhulumu nini? Hakuna hata chembe iliyoingia kinywani mwake, na saumu ile ilikwisha kung'olewa kabla sijaigusa. Kwa muda mrefu hesabu hiyo ilinitosha. Kisha siku moja nikaigeuza: mtu aazime sufuria yangu, apikie nguruwe, aioshe mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa madrasa Tanga, anirudishie akitabasamu. Kisheria sufuria imetakasika. Nami ningekasirika vilevile, maana nilimkabidhi kitu changu na neno langu, akarudisha kitu tu.

Mama alikula, akapata nguvu. Kwa hilo sijuti. Ingekuwa ni kuchagua kati ya Mama na jiwe, ningemchagua Mama, na nadhani hata Masi angenielewa. Ila sikuwahi kuwekwa kwenye uchaguzi huo. Muuzaji alikuwa pale chini.

Kesho yake Masi alishuka na bakuli la chatne ya kotmiri, kaisaga juu ya jiwe lilelile. "Mpe mama yako," akasema, "nawe onja."

Nilionja mbele yake, nikaisifu.