Je, Elimu Ipimwe kwa Mshahara?

Mwezi uliopita binti mmoja wa parishi yetu alinijia nyumbani na fomu mkononi. "Shikamoo Mwalimu," akasema, "nimekuja unidhamini." Fomu ilikuwa ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Alitaka kusoma saikolojia, hasa upande ule unaochunguza namna akili inavyotambua, inavyojifunza na inavyokumbuka. Baba yake alikuwa amekataa kutia sahihi, kwa kuwa yeye alitaka asome uhasibu. "Saikolojia inalipa nini?" alimwuliza, na binti akakosa la kujibu.

Wako watu wema wasemao kwamba haimpasi Mkristo kupima elimu kwa fedha. Maneno hayo ni mepesi vinywani mwetu sisi wazee. Tulipokuwa chuo kikuu, kabla uchangiaji wa gharama haujaanza katika miaka ya 1990, Serikali ilitulisha, ikatulaza, ikatupa na posho, tukatoka bila kudaiwa hata senti. Kijana wa leo tutamhubirije aidharau fedha? Bodi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na mkopo wake ni deni la mwanafunzi mwenyewe. Akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tena palikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowafanya wengi waone deni likikua huku wanalipa. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021, lakini deni lenyewe lipo.

Basi tulikaa mezani, tukachukua karatasi. Tuseme mkopo ni shilingi 12,000,000, na mshahara ni 800,000 kwa mwezi. Makato yatakuwa 120,000, nayo yataendelea kwa miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne. Hapo bado kodi, bado pensheni, bado mama mgonjwa kijijini. Binti alinyamaza. Nikamwuliza, "Ukisha kukatwa hayo yote, utaweza kudumu katika kazi uliyoisomea, au utaikimbia ili ulipe deni la kuisomea?" Kwangu mimi hilo ndilo swali, wala si lile la kuuliza nani atapata zaidi, yeye au mhasibu.

Na huyo mhasibu tusimwonee kijicho mapema. Mimi nilimshurutisha mpwa wangu asome biashara ingawa moyo wake ulikuwa kwingine. Nilisema natazama faida yake. Kweli ni kwamba nilikuwa na nyumba isiyoezekwa, nikamhesabia mshahara kabla hajaupata. Alimaliza, akazunguka na vyeti miaka minne, sasa anauza vipuri vya pikipiki. Kozi niliichagua mimi. Deni analilipa yeye. Tangu hapo naogopa sana mzazi anaposema "soma kozi yenye fedha", maana mara nyingi hasemi ni fedha za nani.

Bwana wetu, katika Luka sura ya 14, alimtaja mtu anayetaka kujenga mnara, akaketi kwanza kuhesabu gharama. Sisi tumezoea kuhubiri habari hiyo kana kwamba yule mtu alihesabu apate sababu ya kutojenga. Alihesabu ili amalize.

Nikasema naye pia juu ya kazi yenyewe, nami sikuweza kuwa mwamuzi asiye na upande. Nilipokuwa mwalimu kijana, kabla sijapelekwa kufundisha chuo cha ualimu, nilikuwa na mtoto wa darasa la tatu aliyesema vizuri, akahesabu vizuri, lakini asiyeweza kusoma hata mstari mmoja. Nilimwita mvivu nikamchapa, si mara moja. Miaka mingi baadaye, nikiandaa masomo ya saikolojia ya elimu kwa walimu wanafunzi, nilisoma juu ya watoto ambao herufi huwachanganya ingawa akili zao ni nzima. Nilifunga kile kitabu nikatoka nje. Mtoto yule alikwisha kuacha shule zamani.

Kwa hiyo nilimshauri aangalie shahada ya elimu katika saikolojia, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, apate na ualimu wa kumshika mkono wakati wa njaa. Alikubali, si kwa furaha kubwa. Kisha nikaivuta ile fomu. Mithali inaonya zaidi ya mara moja juu ya kumdhamini mtu, na sura hizo nilizikumbuka vizuri kalamu ikiwa mkononi. Nikatia sahihi.

Jumapili, tulipotoka katika Ushirika Mtakatifu, baba yake alinipita pale mlangoni akaenda moja kwa moja kuchukua baiskeli yake.