Mama Akikosa Furaha Baada ya Kujifungua: Je, Ni Dhambi?



Mtoto akizaliwa hapa kwetu Tala, wanajumuiya huja kumwona. Tunaleta sukari, unga na sabuni. Tunaimba, tunasali, tunampakata mtoto kwa zamu na kusema amefanana na babu yake. Mama tunampa hongera. Ni wachache wanaomwuliza kama amelala usiku. Kumbe mama mwingine huitikia "asante" huku moyoni mwake mna giza, na anajiuliza swali analoogopa kulitamka: "Kama simfurahii mtoto niliyepewa na Mungu, je, mimi si mwenye dhambi?"

Swali hilo linastahili jibu la wazi. Lakini kwanza tutofautishe mambo. Mama wengi hulia ovyo siku chache baada ya kujifungua. Machozi hayo hukauka yenyewe kabla ya wiki mbili. Huzuni ikipita wiki mbili, mama akikosa usingizi hata mtoto anapolala, asipotamani chakula, akijiona hafai, huo ni ugonjwa. Wengine huuita sonona. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mama 20 kati ya 100 hupatwa na matatizo ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Tazameni kina mama wenye watoto wachanga kanisani Jumapili, mhesabu wenyewe.

Sasa, je, ni dhambi? Katekisimu yatufundisha kwamba dhambi kubwa yahitaji kujua na kukubali kwa hiari. Ni mama gani aliyechagua kuugua? Upendo wa mama haupimwi kwa furaha peke yake. Yule anayeamka saa tisa usiku kunyonyesha huku moyo umekufa ganzi, huyo anapenda, hata kama mwenyewe hausikii upendo huo. Kumbukeni nabii Eliya alipoketi chini ya mti akaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamtumia malaika na mkate na maji, mara mbili. Mazungumzo yalikuja baadaye.

Sisi wanadamu tuna haraka ya kutafuta mwenye kosa. Waganda, jirani zetu, walikuwa na jina la wazimu wa mzazi: amakiro. Desturi ilisema chanzo chake ni uzinzi wakati wa mimba. Hivyo ugonjwa uligeuzwa kuwa kesi. Miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, alifanya kazi Uganda, akachunguza kina mama karibu na Kampala. Alikuta takriban mama 1 kati ya 10 ana huzuni ya ugonjwa, na aliporudi Uskoti akakuta hali inayokaribiana na hiyo. Mwaka 1987 yeye na wenzake walitoa maswali 10 ya kumpima mama, ambayo leo hutumika katika nchi nyingi. Kwa hiyo ugonjwa huu si wa kabila moja wala wa wazinzi. Nasi tusijione bora kuliko watu wa zamani, kwa maana tunaosema "amelogwa", "ni mvivu" au "hasali" tunaendesha kesi ile ile.

Na mtoto je? Mtoto mchanga hajui maneno, husoma uso. Miaka ya 1970 huko Marekani, Edward Tronick na wenzake waliwaomba kina mama wenye afya wakae mbele ya watoto wao dakika chache bila kubadilisha uso. Watoto walitabasamu, wakainua mikono, na walipokosa jibu wakageuka pembeni. Hizo ni dakika tu. Uso ukikaa hivyo kwa miezi, mtoto anaweza kuchelewa kuongea, kucheza na hata kukua vizuri. Sisemi haya ili mama abebe mzigo wa pili. Nasema ili baba ajue kwamba uso wake nao unahitajika, na kwamba matibabu yapo.

Huko vijijini Pakistan, wahudumu wa afya wa kawaida, wasio madaktari, walifundishwa kuwatembelea na kuzungumza na kina mama wenye huzuni. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Mtoto alipofika miezi 6, waliobaki wagonjwa walikuwa 23 kwa 100. Kwa wale waliotembelewa kwa njia ya kawaida tu walikuwa 53. Je, jumuiya zetu haziwezi kutembelea namna hiyo?

Bwana, uliahidi kuwa mwaminifu katika ugonjwa na afya. Basi mchukue mtoto usiku mmoja ili mkeo alale. Fuatana naye kliniki ya chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14, umweleze muuguzi unayoyaona nyumbani. Salini pamoja, lakini sala isizuie hospitali. Akisema anasikia sauti, au anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mama anayelia hana dhambi ya kuungama kwa machozi yake. Sisi tunaoyaona machozi hayo na kupita, ndio tujichunguze.

Ya kujadili nyumbani:
1. Baada ya mtoto wetu kuzaliwa, mama alikuwa na hali gani hasa? Tuliwahi kuulizana?
2. Ni mama gani jirani ambaye tulimwona mtoto wake tukamsahau yeye?

Mungu azibariki ndoa zenu.